Kompyuta Iliyouliza Mwezi

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikuweza kukaa kwenye kiti. Kila baada ya mistari michache ya programu nilisimama, nikaenda dirishani, nikatazama vumbi la Miyuji likikimbia barabarani, kisha nikarudi. Mama aliyeianzisha kampuni yetu alizoea kuniambia, "Mwanangu, hebu tulia. Unanitia kizunguzungu." Nilitulia dakika tano. Wenzangu niliomaliza nao chuo walikuwa Dar es Salaam, kwenye mabenki mapya na kampuni za simu zilizofunguliwa kila kukicha. Mimi nilikuwa Dodoma, kwenye sebule ya nyumba ya kupanga, nikiifundisha kompyuta magonjwa ya ng'ombe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa au kufungwa, na watu wazima waliozoea mihuri na majalada walijikuta nyumbani wakitafuta cha kufanya. Mama yule alikuwa mmoja wao. Kwa miaka mingi alikuwa ofisa ugavi wa shirika lililosambaza dawa za mifugo katika mikoa ya kati. Shirika lilipofungwa, wenzake walifungua baa na kufuga kuku. Yeye alinunua kompyuta mbili na printa, akamwandikia mwalimu wangu wa chuo barua ndefu kwa mkono, akiuliza kama ana mwanafunzi "asiyeogopa jambo ambalo halijawahi kufanywa." Mwalimu akanipa barua ile huku akicheka. Mimi sikucheka. Wiki mbili baadaye nilishuka stendi ya Dodoma na begi moja.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Mabwana mifugo vijijini walikuwa wachache, wanastaafu, na serikali ilikuwa haiajiri wengine. Lakini walikuwa wameacha madaftari. Kila ng'ombe aliyeletwa kwao waliandika tarehe, dalili na ugonjwa. Kama kompyuta ingejifunza kutoka kwenye madaftari hayo, siku moja mfugaji angefika ofisi ya kata, angetaja dalili, na mashine ingemtajia ugonjwa.

Tulikuwa watatu: mama, mimi, na kaka mmoja mpole aliyefundisha watu kuchapa kwenye kompyuta ya pili. Bunge lilipokaa, makarani walijaa hadi barazani wakingoja zamu. Kazi yake ndiyo iliyotuwezesha kubaki pale. Yangu ilikuwa bado ndoto.

Tulianza na madaftari ya bwana mifugo wa Chemba, kaunta buku sita zilizonuka moshi na dawa ya josho. Niliziingiza ukurasa kwa ukurasa kwa miezi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefundishwa na wamisionari. *Homa. Tezi zimevimba. Amekonda. Ndigana.* Mstari unaofuata: *Homa. Tezi. Kukohoa. Nagana.* Kulikuwa na kurasa nyingi mwishoni ambako kwenye nafasi ya ugonjwa aliandika neno moja tu, "haijulikani". Hizo niliziruka. Mashine itajifunza nini kutoka kwa mtu asiyejua?

Programu niliyoiandika haikupewa kanuni. Niliionyesha mifano, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, nayo ikajitungia maswali yake ya kuwatenganisha wa ndigana na wa nagana, ugonjwa wa mbung'o. Kisha nikaijaribu kwa ng'ombe ambao haikuwahi kuwaona, niliokuwa nimewaficha kwenye disketi nyingine. Ilipatia. Ikapatia tena. Karibu kila mara ilitaja ugonjwa uleule alioandika bwana mifugo. Mama alipiga vigelegele hadi wanafunzi wa kuchapa wakaacha mashine yao wakaja kuchungulia. Jioni ile alichinja kuku, na kesho yake akaandika barua kwa watu wa mradi mmoja wa mifugo, kuwaalika waje kuona. Walijibu kwamba watakuja.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilianza kuamka usiku na kuyapitia matokeo upya. Ilipatia mno. Wanyama wale walikuwa na dalili zinazofanana, na mimi mwenyewe, baada ya kuandika ng'ombe wote wale, nisingeweza kuwatofautisha. Nikaamua kuyachapisha maswali yake kwenye karatasi niyaone.

Printa ilikwaruza, karatasi ikatoka. Swali la kwanza ambalo kompyuta ilikuwa imejitungia halikuwa homa, wala tezi, wala kukohoa. Lilikuwa tarehe.

"Mwezi gani na mwaka gani?" mama alisoma, miwani imeshuka puani. "Sasa hapo kuna ajabu gani? Kupe wanakuja na mvua. Ndigana ni ya kupe. Hiyo mashine ina akili."

"Ingekuwa mvua, miezi ingejirudia kila mwaka," nilisema. "Tazama. Mwaka huu ndigana ni Machi mpaka Juni. Mwaka unaofuata ni Septemba, kiangazi kikali."

"Mvua za Dodoma nazo zina utaratibu?"

Nilirudi kwenye kiti na, kwa mara ya kwanza katika miezi ile, nikakaa mpaka nikamaliza. Niliziondoa dalili zote, nikaiachia kompyuta tarehe peke yake. Haikujua kama ng'ombe ana homa au amevunjika mguu. Ikapatia karibu vilevile.

Kesho yake nilipanda basi la Kondoa bila kuaga vizuri. Zilikuwa zimebaki siku sita wageni wafike.

Nilishuka Chemba siku ya mnada. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu, na vumbi lilikuwa limesimama juu yao. Nikaelekezwa kwa mzee mrefu aliyevaa koti la kaki, amesimama mlangoni mwa zizi akikagua wanyama kabla hawajaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti." Hakugeuka. Alikuwa amefunua mdomo wa fahali akitazama ulimi. "Unatoka mjini?"

"Natoka Miyuji. Ni mimi ninayekaa na madaftari yako."

Hapo akageuka. Alinawa mikono kwenye ndoo, akamwachia kazi mwenzake, akanipeleka nyuma ya kibanda cha mama lishe kulikokuwa na kivuli. Aliagiza chai. Nilimpa karatasi, nikamweleza kadiri nilivyoweza mashine ilivyojifunza na swali lake la kwanza. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Nilidhani haelewi. Kumbe alikuwa anahesabu miaka.

"Imenikamata," alisema.

"Imekukamataje, mzee?"

"Binti, mtu ametoka kwake alfajiri, amemswaga ng'ombe mgonjwa mpaka hapa. Ng'ombe ana homa, tezi zimevimba, mbavu zinahesabika. Inaweza kuwa ndigana, inaweza kuwa nagana. Ili nijue, nipime damu kwa darubini. Darubini sina, niliomba tangu nikiwa kijana. Nikifungua sanduku naona dawa ya nagana tu. Wewe ungeandika nini?"

Nilizungusha kikombe changu.

"Sema tu."

"Ningeandika nagana."

"Basi. Nikiandika ndigana nitampa nini? Nitampa pole? Na ofisi ilitaka kila dawa iliyotumika iwe na ugonjwa wake."

"Na walipona?"

Alitazama zizini. "Wengine walipona. Wengine, wenye ng'ombe hawakurudi kuniambia."

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza kupata pa kuanzia. Nikamuuliza kuhusu zile kurasa za "haijulikani".

"Hapo sanduku lilikuwa tupu," alisema. "Shirika lilikuwa limefungwa, na wafanyabiashara hawajaanza kufika huku. Dalili nilikuwa naziona vizuri tu. Nilichoka kutaja ugonjwa nisio na dawa yake." Akanywa chai yake yote ndipo akaongeza, "Hizo hukuiambia mashine?"

"Niliziruka."

"Aa," akasema, bila kulaumu, na hilo likaniuma zaidi.

Safari ya kurudi sikumbuki nilikaa na nani. Nakumbuka nilikuwa naandika kwenye bahasha njia za kujinasua. Ningeweza kuiondoa tarehe. Mashine ingebahatisha kwa dalili, na wageni wasingejua kwamba inabahatisha. Ningeweza kuwachagulia mifano. Nilipofika Miyuji nilimkuta kaka wa kuchapa peke yake, nikamwambia yote. Alifikiri kidogo, akasema, "Ondoa hiyo tarehe, waonyeshe, tupate uhai. Mengine tutarekebisha tukishasimama." Alikuwa na watoto watatu. Sikuona ubaya wake, na mpaka leo siuoni.

Mama alirudi jioni kutoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimwekea karatasi mezani, nikamweleza aliyoyasema mzee wa Chemba. Nilitegemea abishe. Alivuta kiti karibu na taa akaanza kusoma tarehe kwa sauti ya chini.

"Machi," alisema. "Machi ile dawa za nagana zilikwama bandarini. Nikapeleka za ndigana Kondoa nzima, Chemba ikiwemo, nikaandika kwamba nyingine zinafuata." Kidole kikashuka. "Septemba. Hii ni ile shehena ya dawa za ndigana iliyokaribia kuharibika. Tuliambiwa tuitoe ghalani haraka. Mimi ndiye niliyesaini." Kikashuka tena, kikasimama. "Na hapa ndipo tulipofungwa."

Kaka alizima kompyuta yake ingawa hakuna aliyemwambia.

"Miaka yote ile," mama alisema, "nilikuwa napokea ripoti za wilaya. Zinasema ndigana imepanda, nami nikijivunia kwamba tayari nimeshapeleka dawa ya ndigana. Nilikuwa najipongeza." Alivua miwani. "Hii mashine haijui ng'ombe, mwanangu. Inanijua mimi."

Nilimwonyesha bahasha yangu yenye njia za kujinasua. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Wafugaji watakaotumia hiyo yako watakuwa wangapi? Nimeshawatibu vibaya mara moja kwa kalamu. Sitaki kuwatibu tena kwa umeme."

"Basi tuwaambie wageni wasije."

"Waje. Wameahidi kuja."

Siku nne zilizofuata nilifanya kazi kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Niliziingiza zile kurasa nilizoziruka. Mama alichimbua kumbukumbu zake, akaniandikia kila shehena aliyokumbuka na mwezi wake. Nikaiomba kompyuta ichore mistari miwili, mmoja wa dawa zilizopelekwa na mwingine wa magonjwa yaliyoandikwa. Mistari ilipanda na kushuka pamoja kama ndugu walioshikana mikono. Kisha yote miwili ikaishia mahali pamoja, na kutoka hapo likaanza "haijulikani", mwezi baada ya mwezi.

Wageni walikuwa watatu, wenye mashati mazuri. Walipewa viti vizuri na soda. Mama alisimama mbele yao akawaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka, bila kuficha jina lake kwenye zile shehena. Aliwaambia kwamba kabla ya mashine inayotaja magonjwa, inahitajika darubini kwa kila bwana mifugo, na ruhusa ya kuandika ukweli hata kama hana dawa.

Mkubwa wao alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu muungwana. "Mama, tunashukuru," alisema. "Lakini tuelewane. Tulialikwa kuona kompyuta inayotambua magonjwa. Ipo?"

"Haipo," mama alisema.

"Itakuwepo lini?"

Akanigeukia mimi. Kila mtu akanitazama. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, kama kawaida yangu.

"Sijui," nilisema. "Madaftari mapya yakijaa. Labda miaka mitatu."

Waliandika. Wakamaliza soda. Barua yao ilifika baada ya mwezi mmoja, fupi na yenye heshima, ikitutakia mafanikio.

Baada ya hapo tulirudi kuchapa barua za watu. Mama hakuonekana kuvunjika. Alizunguka kwa waliokuwa wafanyakazi wenzake akitafuta vifaa vilivyobaki kwenye maghala ya shirika, na siku moja akarudi na darubini ya zamani imefungwa kwenye kanga. Akaipeleka Chemba mwenyewe. Mimi ndiye niliyeshindwa kungoja. Kila asubuhi niliwasha kompyuta isiyo na kitu cha kujifunza, nikasimama, nikakaa, nikaenda dirishani. Miaka mitatu ilionekana mirefu kama gereza. Benki moja ya Dar es Salaam iliponiita kwenye usaili, sikumwambia mama mpaka nilipopata kazi.

"Najua," alisema. "Ulikuwa unaondoka tangu siku uliyofika." Alinifungia zabibu kwenye gazeti, akanisindikiza mpaka stendi, akazungumza njia nzima habari za kwaya.

Mwaka wangu wa pili benki nilipata barua yake, kwa mwandiko uleule mrefu. Alisema daftari la kwanza jipya limejaa. Mzee sasa anapima damu, na wapo ng'ombe ambao ameandika ugonjwa kamili na mbele yake akaweka maneno mawili, "dawa hakuna". Aliniuliza kama naweza kuja likizo, japo wiki mbili, niliingize kwenye kompyuta.

Nilimjibu siku ileile kwamba nitakuja Pasaka. Nilimaanisha. Pasaka ile benki ilikuwa inabadilisha mitambo na likizo zikafutwa, na Pasaka iliyofuata nilikuwa nauguza mtoto. Nilipopita tena Miyuji nyumba ile ilikuwa na wapangaji wengine, na mwanamke aliyekuwa akianua nguo uani aliniambia kwamba mama amehamia kwa mwanawe, hajui wapi, na kwamba yale madaftari yaliyoachwa stoo alikuja kuyachukua kaka mmoja mpole.