Honi ya Upepo na Kikapu cha Mama

Mama yangu anakaa peke yake ghorofa ya tatu, Mchafukoge, miguu imevimba, na presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Geti la chini hufungwa kufuli mchana kutwa, tangu wezi walipong'oa mita za maji. Kunichongeshea ufunguo wangu amekataa katakata. Mtu kwa mama yake hupiga hodi, anasema, hajifungulii kama yuko gesti. Simu nayo haipokei tangu matapeli walipomliza. Kwa hiyo hodi yangu ilikuwa honi ya pikapu. Kila alasiri nikimpelekea chakula na dawa, nilipiga mara mbili chini ya dirisha, naye akateremsha kikapu cha ukili kwa kamba, ufunguo ndani.

Honi yenyewe ilikuwa aibu tupu. Ililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Wapiga debe wa Kariakoo walinijua kwayo, na wengine waliniitikia "meee!" nikipita na marobota yangu ya mitumba kwenda Mchikichini. Nilikuwa nacheka nao. Kicheko kilikatika siku msukuma mkokoteni alipokatiza mbele yangu na bampa ikamgusa pajani. Hakuumia. Alinigeukia jasho likimtiririka, akasema, "Si upige honi, mzee!" Na mimi nilikuwa nimeipiga tangu kona ile pale. Nilikaa ndani ya gari nikimfikiria mama wa yule kijana akipelekewa habari. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Kesho yake nilikuwa mtaa wa Gerezani kwa fundi umeme wa magari. Alifungua boneti, akafunga kompresa ndogo ya honi ya upepo pembeni ya betri, akaunga mpira wa upepo hadi kwenye matarumbeta mawili ya chuma, moja refu, moja fupi, akayakaza nyuma ya grili. Alikuwa fundi wa maneno kuliko wa waya.

"Hii ukiigusa, mzee wangu, hata waliolala Kisutu wanageuka."

"Astaghfirullah! Wewe kijana, makaburi hayataniwi."

"Haya, yaishe. Hii ya zamani tuiache? Waya wake upo, tunaweka swichi mbili, unachagua."

Nikamwambia aing'oe. Nilikuwa na hasira nayo, kana kwamba ndiyo iliyokatiza barabara. Akanikabidhi, nikaitupa chini ya kiti.

Tulipoijaribu ile mpya, fundi wa jirani alidondosha spana na kunitukania ukoo mzima. Nilifurahi, ndivyo nilivyo. Kutoka Gerezani hadi mjini mikokoteni ilinipisha, bodaboda zikanipisha, hata mwenye gari jeupe la kifahari, ambaye siku zote huniona inzi, alijibana ukingoni. Mama mmoja mwenye beseni la maandazi aliruka, akanisonya msonyo mrefu hadi nikapinda kona. Nikasema moyoni, bora unisonye ukiwa mzima.

Nikafika chini ya dirisha la mama. Nikapiga mara mbili.

Kikapu hakikushuka. Nikatazama juu, nikaona dirisha limefungwa, na mama hafungi dirisha mchana hata mvua inyeshe, anasema joto litamuua. Nikapiga tena, ndefu. Mwenye duka la vitambaa akatoka na kidole sikioni.

"Wewe bwana, una msiba au una wazimu?"

Neno lile msiba lilikuwa limeniingia. Mama hajawahi kukosa kuitikia, hata siku ya homa. Nikaona ameanguka bafuni. Nikaona yuko sakafuni ananisikia na hawezi kuinuka. Basi nikazidi kupiga, ili ajue nipo, asikate tamaa. Nilipiga hadi mpangaji mmoja aliyekuwa anatoka akafungua geti kuja kunigombeza. Nikampita bila salamu, nikapanda ngazi mbio na mwili wangu huu, pumzi zikiniishia.

Niligonga kwa viganja vyote. "Mama! Mama!"

Kisha nikasikia kandambili zikiburutwa, polepole, na komeo likivutwa. Alikuwa hai. Nilitaka kulia, nikashika ukuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia upesi, funga mlango."

Uso ulikuwa umemsawijika, mkono mmoja kifuani. Kwenye mkono wa pili alikuwa ameshika kikapu, kamba imezungushwa kiganjani, ufunguo ndani. Nikamketisha, nikampa maji na dawa. Mkono wake ulikuwa baridi, na moyo ulimdunda hadi niliuona kwenye kanga.

"Kuna mtu hapo chini," akasema, "sijui tumemkosea nini. Analia na lihoni lake, analia, moyo unataka kunitoka. Nikafunga dirisha, lakini sikuondoka hapo. Nilikuwa nakungoja wewe uje umfukuze."

Nilikosa pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye kikapu.

"Ameshaondoka, Mama."

"Alhamdulillah." Akashusha pumzi, akafungua kiganja ambacho kamba ilikuwa imekichora, akanipa kikapu nikitundike msumarini pake. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekosewa kidogo tu, mbona leo sikupiga honi.