Klachi Ilivyotuachia Mlima wa Rhotia

Sisi tuliokulia Ganako, kule Karatu, miaka ile ya sabini tulilijua gari kwa sauti kabla hatujaliona. Siku hizi mwanangu ananipakia kwenye gari lisilo na klachi, mguu mmoja unafanya kazi na mwingine umelala, halafu ananiambia amechoka kuendesha. Amechoka! Niliyechoka ni mimi, na uchovu wangu ni wa zamani.

Baba alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Mzungu alipoondoka nchini alimwachia baba gari lake la spoti, jekundu, viti viwili, fupi mpaka mtoto aliweza kuchungulia juu ya paa lake. Halikuwa na mahali pa kuweka hata debe la maharage. Mama alilitazama siku ya kwanza akauliza, "Hili ni gari au beseni?" Lakini baba alilipenda, jamani. Jumapili baada ya kanisa alilifuta kwa khanga kuukuu, na sisi watoto tukigombania kukaa ndani, miguu imejaa udongo mwekundu, mikononi mahindi ya kuchoma.

Sasa kwetu, mwenye gari hawezi kumnyima jirani. Kisiki kikigoma kung'oka shambani, baba aitwe avute. Trekta likizama kwenye tope, baba aitwe. Wakati wa mavuno gari lilifungiwa tela la ngano nyuma. Gari la mashindano, linavuta ngano!

"Baba Paulina, utaliua," mama alisema. Paulina ndiye mimi.

"Sasa nimwambie mtu nini? Kwamba gari langu linachagua kazi?"

Klachi ikaanza kuisha. Hata mimi nilizijua dalili zake. Kwanza kanyagio lilishika juu kabisa, mguu unakaribia kuachia ndipo gari linaondoka. Kisha mlimani injini ikawa inapiga kelele nyingi na gari linatambaa. Halafu ile harufu, kama kwato zinachomwa. Baba alikuwa na namna yake ya kuipima klachi: anavuta breki ya mkono, anaingiza gia kubwa, anaachia klachi. Injini ikizima, klachi bado inashika, kuna uhai. Siku moja haikuzima, iliendelea kunguruma tu, na baba akaizima mwenyewe kwa ufunguo.

Pleti mpya ya klachi haikupatikana Karatu wala Arusha. Miaka ile hata sabuni tulipanga foleni. Baba akawa anakaza waya wa klachi mpaka ukafika mwisho, kisha akaanza kumwaga majivu makavu kwenye tundu la chini ya klachi ili pleti ishike. Ilishika kidogo, na kesho yake ikawa mbaya zaidi.

Ndipo asubuhi moja ikaja habari kwamba bibi, mzaa mama, yuko hoi kule Mbulumbulu, anamwita mwanawe. Mama akajifunga khanga, akasema anaondoka kwa miguu sasa hivi. Baba akakataa katakata. "Mke wangu atembee na gari liko uani? Watu watasemaje?" Akamwaga majivu yake, mama akapanda, mimi nikapakatwa.

Mlima wa Rhotia ukatushinda. Injini ilipiga kelele, moshi ukapanda, gari likasimama. Mama akasema, "Nishushe." Baba akasema, "Lipoe kidogo, litapanda tu." Lilipoa, likapanda kidogo, likagoma. Akaligeuza ajaribu kinyumenyume, maana gia hiyo ina nguvu. Likagoma. "Subiri, mama Paulina, nakuomba." Mama alisubiri. Jua lilipopita utosi alinishusha, akavua viatu, akashika njia.

Watu wa Rhotia walitoka mashambani na maksai wao wa kulimia, wakafunga nira, wakatuvuta mlima wote wakiimba. Wangetuvuta mpaka mwisho wa dunia, watu wale. Tukaingia Mbulumbulu jioni nyuma ya ng'ombe.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, khanga kichwani. Bibi alikuwa ameshafunikwa. Alimwita mwanawe mpaka alasiri, kisha akanyamaza, na mama alifika baadaye kidogo tu. Mama akainua macho akamtazama baba.

"Baba Paulina, gari lako limefika?"

Baba alilia mbele ya watu. Gari hakuliendesha tena.

Juzi mwanangu alinipitisha Rhotia. Ni lami tupu, na alipanda mlima ule huku anapiga stori, hata injini sikuisikia. "Umeona, mama? Mara moja tumefika juu!" Nimeona. Nilimwomba asimame pembeni, nikalia, akadhani ni kizunguzungu, akanipa maji. Gari ni zima, barabara ni nzuri, mlima si kitu tena. Ila huko mbele hakuna tena anayemwita mwanawe.