Yaya Ambaye Hapewi Mtu

Watu wanadhani ni mashine. Ni sisi wanne tu, chumba cha juu ya duka la dawa hapa mjini Iloilo, na feni moja inayolalamika. Mtu anabofya "Wewe ni nani katika Ua la Dhoruba?", anaturuhusu tuingie kwenye ukurasa wake, tunasoma machapisho ishirini, kisha tunampa mhusika mmoja wa tamthilia hiyo na sentensi moja ya kumsifu. Dakika nne kwa kila mtu. Mimi ndiye msimamizi na kanuni yangu ni moja: asipewe mtu Bibang, yule yaya. Tuliwahi kujaribu, tukatukanwa mpaka mama zetu walio makaburini.

Dada Siony alikuwa hodari kuliko wote kwa sababu hakuwa akisikia kitu moyoni. Alirudi kutoka Hong Kong baada ya miaka kumi na tisa ya kulea mtoto wa watu, ungedhani umerudi mzigo tu, mwenyewe kabaki uwanja wa ndege. Wahenga wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema lolote kuhusu yule unayemlea kwa maboksi ya zawadi. Binti yake, Rhea Mae, alikuzwa na shangazi. Sasa wanaishi nyumba moja.

"Mwanao hajambo?" nilikuwa nikimuuliza.

"Yupo."

Binti hakujua hata kazi ya mama yake. Aliambiwa ni "mambo ya kompyuta".

Jumanne moja vidole vya Siony vilisimama, nikachungulia. Ombi lilikuwa la akaunti yake mwenyewe. Rhea Mae ndiye aliyemfungulia akaunti ile, na neno la siri alikuwa nalo. Kwenye nafasi ya maoni aliandika: "Huyu ni mama yangu. Tumeishi pamoja miezi minne. Naomba mniambie ni mtu wa aina gani."

Siony akajisoma kama anayesoma mtu mwingine. Mtoto wa Kichina anapuliza mishumaa. Mtoto huyohuyo kwenye bembea. Mtoto huyohuyo na medali ya kuogelea. Na kila tarehe nane Machi, siku aliyozaliwa Rhea Mae, picha ileile ya keki na maneno yaleyale: Heri ya kuzaliwa, mwanangu.

"Mpe Doña Consuelo, yule mama mwenye huruma," nikamwambia. "Kina mama wote tunawapa huyo. Yaishe."

"Umesoma, mdogo wangu?"

"Nimesoma."

"Basi."

Akabofya Bibang. Chini yake akaandika: "Alimlea vizuri mtoto wa watu." Nilikasirika, halafu hasira ikaniishia. Ganzi ya mwanamke yule inaambukiza.

Kesho yake, tukila wali na samaki mkavu, akanisimulia bila kuinua kichwa.

"Kanionyesha simu. 'Mama, wamekupa yaya! Mtaa mzima, wewe peke yako!'"

"Kanuna?"

"Hapana. Kasema, 'Angalau huyu aliyejibu kausoma ukurasa wako.' Akaenda kufua."

"Na wewe?"

"Sikusikia kitu." Akaendelea kutafuna, nami nilimwamini.

Mchana huohuo likaingia ombi jingine, safari hii la Rhea Mae mwenyewe: "Na mimi je? Naomba anisome yuleyule." Nikampelekea Siony.

Dakika nne zikapita. Ikapita saa nzima. Machapisho ishirini alikwishayavuka zamani. Alikuwa amefika miaka ya nyuma kabisa, kwenye nywele zilizokatwa vibaya, mbwa aliyekufa, mahafali ya shule, na kila mara pembeni amesimama shangazi. Foleni ilikuwa imefika watu mia mbili.

"Dada Siony, umekwama? Mpe yeyote bwana, watu wanangoja!"

"Siwezi."

"Huwezi nini? Kazi ya kila siku hii."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya kipanya.

"Huyu simjui," akasema.