Ushuhuda wa Wathome

Wathome alichonga twiga wa mbao kwenye kibanda chake pale Komarock hadi nywele zikaota mvi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba tumbo lililomsumbua tangu Pasaka limepona kwa maombi. Waumini walipiga makofi, na mkewe Ndunge akapiga kuliko wote.

Wiki hiyohiyo maumivu yakarudi. Yalimkunja, kisha yakamwachilia kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Ndunge aliyajua kwa mlio wa tezo ya kuchongea: ikinyamaza ghafla, mumewe ameshika tumbo.

"Twende hospitali, Baba Musyoka."

"Nikaonekane kwenye foleni? Juzi nimesema nimepona. Mungu ndiye ataitwa mwongo."

"Mungu haaibiki kwa tumbo lako."

"Humjui Apondi wa kwaya wewe. Atalitungia wimbo."

Ndunge akacheka, na baada ya kucheka hakuona njia ya kusisitiza. Akanyamaza hadi siku Wathome alipotapika kutwa, choo kikatoka na damu, tumbo likavimba kama ngoma.

Hospitalini daktari aliwaeleza taratibu. Utumbo ulikuwa umejiingiza ndani yake wenyewe, kama mkono wa sweta ukivutwa ndani. Kwa watoto wadogo huweza kutokea bila sababu kuonekana. Kwa mtu mzima, mara nyingi kuna uvimbe unaouvuta. Utumbo ukijiachilia, mtu hupata nafuu, lakini uvimbe uko palepale.

"Kumbe fundo liko ndani ya gogo," Wathome alisema kwa sauti ndogo.

Kabla hajaingizwa kupasuliwa alimshika mkewe mkono. "Mama Musyoka, kasimame pale niliposimama. Waambie yalirudi. Huenda kuna mwenzangu anaficha."

Walikata kipande kilichooza pamoja na uvimbe wake, lakini sumu ilikwisha kuenea mwilini. Bwana alimchukua kabla ya Jumapili.

Siku ya ibada ya mazishi Ndunge alisimama palepale.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mume wangu aliwaambia amepona. Hakuwadanganya, alidhani hivyo. Yaliporudi tukaona haya kuwaambia. Mungu hakututuma tuone haya."

Hakuna aliyepiga makofi. Nje, Apondi alimjia akiwa bado na joho la kwaya, mkono mmoja ukibana ubavu.

"Dada Ndunge," akanong'ona, "pale hospitali mtu huanzia wapi?"

Ndunge akauachia mkono wa mwanawe Musyoka, akaushika wa Apondi.

"Tukishamzika," alisema, "nitakupeleka mwenyewe."