Siku Bibi Alipopika Kifuniko cha Injini

Enzi zetu pale Mpemba, jirani na Tunduma, gari halikusifiwa mpaka watu waone injini yake. Vijana wa leo wataniuliza, injini ya nini wakati gari lina muziki? Waacheni. Sisi tulikulia kando ya barabara kuu, malori ya Zambia yakitumwagia vumbi kutwa. Kila Jumapili baada ya ibada, madereva wa mtaani waliegesha magari yao karibu na mashine ya kusaga, wakafungua boneti zote na kuanza kuchunguliana. Mwenye aluminiamu inayong'aa alisifiwa kuwa ni mtunzaji. Mwenye grisi na tope alitaniwa mpaka akafunga boneti mwenyewe na kwenda zake.

Baba alikuwa na pikapu ya kubebea kahawa na mahindi kutoka Iyula. Rangi ilishachoka, na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani. Lakini juu ya injini kulikaa kifuniko kirefu cha aluminiamu ambacho mafundi wanakiita tapeti kava, na baba alikipenda kama mtoto wake wa kwanza. Kila Jumamosi alikifungua, akaifunika injini kwa khanga chakavu ya mama, kisha akatukabidhi mimi na kaka yangu Lameki tusugue. Tulianza na gunzi la mahindi na mafuta ya taa, tukaja na majivu yaliyochekechwa, tukamalizia na dawa ya meno na kipande cha sweta. Mama alilalamika kwamba injini inapiga mswaki kuliko watoto wake, na kusema kweli hakukosea. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa, naona Jumamosi.

Basi shangazi yetu Ester, mdogo wake baba, akaposwa na watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Siku ya mahari pikapu ikagoma kuwaka mbele ya wageni. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, akamwambia baba, "Mulamu," yaani shemeji kwa lugha yao, "bibi harusi tutamfuata wenyewe na gari letu. Hili lenu litamlaza njiani."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Kwetu, kumfikisha binti ukweni ilikuwa kazi ya kaka yake, na kunyang'anywa kazi hiyo na wakwe ilikuwa aibu isiyosahaulika. Akajibu, "Shemeji, siku ya harusi njoo na watu wako. Nitafungua boneti mbele yenu. Mkiona uchafu, mchukueni na gari lenu."

Betri akaweka nyingine. Ikabaki kung'arisha, na siku moja kabla ya harusi, mimi na Lameki tulikuwa tunatumwa kuni, maji na viti vya kuazima, hatushikiki. Shangazi Ester akaona achukue kazi mwenyewe. Sufuria zake zilikuwa na sifa mtaa mzima; ukizitazama juani kichanjani lazima ukunje uso. "Nyie huwa mnapapasa tu," akatuambia. Akaweka kifuniko kwenye karai, akamwagia maji ya moto na magadi, yale yale ya kupikia maharage, kwa kuwa yanakata mafuta. Alikusudia kukitoa baada ya muda mfupi. Akaitwa kusukwa nywele, na mnajua wanawake wakianza kusuka na kupiga soga. Alikuja kukumbuka jua limeshapinda.

Kifuniko kilitoka cheusi kama kitako cha chungu. Shangazi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akaangua kilio. Baba alikipokea, akakaa juu ya tairi, akawa anakigeuzageuza mikononi. Lameki akaninong'oneza kwamba afadhali angefoka.

Bibi, mama yake baba, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Akalinusa karai. "Magadi! Sufuria ikiwa nyeusi hivi huwa mnaipikia nini?"

"Vitu vichachu," wanawake wakajibu. "Nyanya na ndimu."

"Sasa mnalia nini? Leteni sufuria kubwa."

"Lakini Bibi, nyanya zilizopo ni za mchuzi wa harusi!" mpishi mkuu akapinga.

"Mchuzi utakuwa mweupe. Wakwe wanakuja kutazama injini."

Tapeti kava ikachemshwa na nyanya kama paja la mbuzi. Tulijazana kuzunguka moto, macho kwenye mvuke, na weusi ukaanza kuachia taratibu. Kilipopoa tukakivamia wote, bibi harusi naye katikati yetu, tukasugua mpaka dawa ya meno ya nyumba nzima ikaisha.

Asubuhi yake, kwenye ule upepo wa baridi wa Tunduma, mjomba alifika na watu wake. Hata chai hakutaka. "Fungua boneti, mulamu."

Baba akafungua. Jua likapiga pale juu, mjomba akafumba macho. Akainama, akaliona tumbo lake mwenyewe. "Hii injini ni mpya?"

"Ile ile," baba akasema. "Imeoga tu."

Hapo shangazi akatoka ndani na shela lake. Akawapita wakwe wote, akainama juu ya injini, akarekebisha shela na kufuta poda iliyozidi puani, kama yuko mbele ya kioo. Vigelegele! Pikapu ikawaka papo hapo, na gari la mjomba likatufuata nyuma mpaka Nakonde likila vumbi letu. Sijawahi kumwona baba amefurahi vile.

Siku hizi vijana wanapeleka gari likapuliziwe povu, wanapiga nalo picha, na boneti hawajui inafungukia wapi. Mimi nami nina kagari kangu. Majuzi nilikwenda nako nyumbani Mpemba, na baba, ambaye sasa anatembelea fimbo, akataka kuona injini. Nikafungua kwa maringo. Juu yote kumetanda plastiki nyeusi. Akaigonga kwa kidole, ikatoa mlio wa ndoo. Akainama na kutazama kwa muda mrefu, akiutafuta uso wake. Nilicheka.

"Mwanangu," akasema, "sasa bibi harusi atajitazamia wapi?"