Stesheni ya Vipande Elfu Sita

Mtaa mzima ulimwita Mzee Risasi, na watoto wa juzi walidhani aliwahi kuwa askari. Hakuwahi kushika bunduki. Risasi yake ilikuwa yale madini yanayoyeyushwa kumiminia herufi. Miaka arobaini na mmoja alisimama mbele ya trei katika kiwanda cha chapa, akiokota herufi moja moja na kuzipanga mstari kwa mstari, kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili karatasi ikilazwa juu yake maneno yatoke sawa. Ndivyo vitabu vilivyotengenezwa zamani; nawaambia wale ambao hawakuyawahi. Shule aliiacha darasa la tano. Mengine yote aliyasoma kazini: sheria, magonjwa ya ng'ombe, mwendo wa nyota, na hotuba za wakubwa ambao bila yeye wangejulikana kuwa hawajui kuandika.

Kisha zikaja kompyuta. Herufi zikauzwa kwa kilo, zikazolewa kwa koleo kama kokoto na kupelekwa kuyeyushwa ziwe betri za magari. Alisimama mlangoni akatazama mpaka lori likaondoka, na hakuna aliyemwambia pole.

Tangu hapo alikuwa na neno moja kuhusu dunia: kazi safi imekwisha. Milango mipya hupinda kabla mwaka haujaisha. Vifungo vya mashati hudondoka dukani. Vitabu vina makosa ukurasa wa kwanza na hakuna anayeona haya. Alitembea na kalamu nyekundu mfukoni, akasahihisha menyu za mikahawa na matangazo ya misiba. Na mimi sisemi alikosea.

Aliishi na binti yake mkubwa, muuguzi wa wodi ya walioungua moto, mwanamke wa miaka thelathini na minane, si mtu wa maneno mengi. Jumamosi moja binti huyu alirudi nyumbani kwa teksi, jambo ambalo si kawaida yake, akaingia amekumbatia boksi kubwa kama sanduku la safari.

"Nini hicho?" mzee akauliza.

"Stesheni, Baba."

"Stesheni gani inaingia mlangoni?"

"Ya reli. Ya kujenga. Ina vipande elfu sita mia mbili na kumi na nne."

Mzee akaligeuza boksi. Juu yake palikuwa na picha ya stesheni ya enzi za mvuke: paa la kioo, mnara wa saa, madirisha ya tiketi, ngazi za kushukia kwenye treni. Akauliza bei. Binti akaitaja, maana hakuwa mwongo. Ilikuwa mishahara yake miwili na robo, aliyoidunduliza kwa miaka mitatu.

Mzee aliketi kwanza.

"Kwa plastiki," akasema. "Binti yangu, una homa?"

"Sina."

"Kuna watu wazima wengine wanaonunua hivi vitu?"

"Wengi tu. Kuna wasiofungua hata boksi. Wanaliweka kabatini, na kiwanda kikiacha kuzitengeneza, bei inapanda mara tatu."

"Basi nao wana homa. Pesa hii ni masomo ya mwaka mzima! Ungekuwa bingwa wa wodi sasa hivi, si mfunga bendeji."

Hapo alimchoma. Binti alivua viatu vyake vya kazi taratibu, akavipanga ukutani.

"Ndiyo, Baba, nafunga bendeji. Leo nafunga, kesho nafungua, keshokutwa nafunga tena. Mwingine anapona, mwingine namfunika shuka. Nataka kitu kimoja tu maishani mwangu ambacho kila kipande kina mahali pake, na kikianza kinaisha. Nimekosa nini?"

Mzee akapandisha sauti.

"Kila kipande kina mahali pake? Siku hizi? Elfu sita? Mama, nakwambia humo kuna vilivyopungua, kuna vilivyozidi, kuna vilivyopinda. Hakuna mkono duniani leo unaoweza kuhesabu elfu sita bila kuteleza. Hao waliojua kuhesabu walishakufa."

"Duka linalipokea boksi likiwa na kasoro, hata kama limefunguliwa. Ndani ya siku kumi na nne."

"Kasoro moja?"

"Hata moja." Binti akamtazama. "Mimi wiki hii nina zamu mbili mbili. Jenga wewe. Hesabu wewe. Ukipata kosa moja, narudisha boksi, nachukua pesa, naenda kusoma unavyotaka. Usipopata, stesheni inakaa hapa sebuleni, na hutaitukana tena."

"Umejimaliza mwenyewe," mzee akasema, akatoa miwani.

Jumapili alikata utepe wa boksi kwa wembe. Mifuko arobaini na minane, yenye namba. Vitabu vitatu vinene vya maelekezo. Alifungua cha kwanza akitafuta neno la kusahihisha, asilione. Akafunua tena, na tena. Kurasa mia na hamsini, picha juu ya picha, hatua juu ya hatua, na ndani yake hamna neno hata moja. Mzee aliyeishi kwa maneno alikaa na kitabu kile mapajani kwa muda mrefu. Mtu alikuwa amefikiri kila kitu mpaka maneno yakawa hayana kazi.

"Ujanja wa kuficha makosa tu," akajiambia, lakini hakusema kwa nguvu.

Alitandaza shuka jeupe mezani, akapanga visahani, akamwaga mfuko wa kwanza. Akachagua kwa rangi, kisha kwa urefu, kisha kwa idadi ya vinundu vya juu, vile vinavyoshikanisha kipande na kipande, vidole vikiruka sahani hadi sahani bila kutazamwa, maana vidole vile havikuwa vimesahau kitu. Akalinganisha na orodha ya picha kitabuni. Sawa. Mfuko wa pili, sawa. Wa tatu ulikuwa na kipande kimoja kilichozidi, kidogo kama punje ya mchele, akapiga kofi.

"Kimezidi!" akamwambia binti yake alipoingia kubadilisha nguo.

"Hicho cha akiba, Baba. Vile vidogo sana huongezwa makusudi, mtu asije akapoteza kimoja akakwama."

Mzee alikishika kwenye ncha ya kidole. Mtu asiyemjua, mahali asipopajua, alikuwa amewaza juu ya kidole cha mzee kama yeye, akamwekea kipande cha ziada. Alijaribu kukasirika. Haikuwezekana.

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na dirisha lao, hakuweza kuvumilia. "Mzee Risasi! Umerudi chekechea? Mwalimu mkali?"

"Shona viatu wewe. Jozi uliyonitengenezea inacheka mpaka jino la mwisho."

"Na hiyo stesheni treni inafika saa ngapi? Nina mizigo!"

Siku ya nne alikata kipande cha karatasi nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo, ile ya kuvingirishia sigara, akajaribu kukipitisha kati ya kipande cha mfuko wa kwanza na kipande cha mfuko wa kumi na moja vilivyoshikana. Hakikupita. Kiwandani kwao, herufi iliyozidi mwenzake kwa unene wa karatasi hiyo ilirudishwa ikayeyushwe, na wao walijiona mabwana wa dunia kwa kipimo hicho. Akajaribu mahali pengine. Hakikupita. Akavitenganisha vipande, akaviunganisha, *tk*, akavitenganisha, *tk*, sauti ileile, nguvu ileile. Alikuwa amesikia wazee wa kanisani na msikitini wakizungumza juu ya hofu nzuri, akadhani ni maneno ya kuwatuliza watu tu. Sasa ilimshika, sebuleni, mbele ya tofali la plastiki la rangi ya kahawia.

Lakini mzee ni mzee. Kama kweli kazi safi bado ipo, basi yeye amekaa miaka ishirini na miwili akiomboleza nini? Aliendelea kutafuta kosa kama mtu anayetafuta hewa.

Siku ya sita mkono ulipata mwendo. Alikuwa akijenga bawa la tiketi, sehemu ya stesheni iliyojengwa pekee pembeni ili ije iunganishwe na jengo kubwa. Hakuhitaji tena kutazama kitabu mara mbili. Jicho lilitupwa kwenye picha, mkono ukaweka. Jicho, mkono. Mfuko wa kumi na mbili, wa kumi na tatu, mpaka wa kumi na tisa, wa vipande vya paa. Vinne kati ya hivyo vilichongwa upande mmoja tu, vikaegemea kulia. Akajaribu cha kwanza. Hakikukaa. Akakigeuza. Hakikukaa. Paa lilitaka vipande vya kuegemea kushoto, na katika mfuko ule hakikuwemo hata kimoja.

Mzee Risasi alisimama. Macho yalimtoka.

"Wameteleza!" akapiga kelele. Fundi viatu akainua kichwa. "Wameteleza! Wamefunga vya kulia vinne, vya kushoto hamna!"

Akapiga simu dukani. Kijana wa duka alikuwa na adabu.

"Shikamoo mzee. Lilete tu, hata likiwa nusu. Tutarudisha pesa yote."

"Hunibishii?"

"Mzee wangu, wewe umehesabu."

Neno hilo halikumpendeza kama alivyotarajia. Lakini alishinda. Akaenda kuvaa koti. Sebuleni kwao palikuwa na kabati la nguo lenye kioo mlangoni, kwa kuwa chumbani halikuingia. Akasimama mbele yake kufunga vifungo, na juu ya bega lake, ndani ya kioo, akaiona picha ya boksi.

Haikuwa picha. Ilikuwa ni bawa lake la tiketi, mezani nyuma yake. Dirisha la tiketi kushoto, ngazi kulia, kama kitabuni, bila tofauti ya kinundu kimoja. Akageuka kutazama meza. Dirisha kulia, ngazi kushoto. Akarudi kwenye kioo.

Akaviacha vifungo. Mkono wake, ulipopata mwendo, ulikuwa umerudi kwenye kazi yake ya zamani. Jicho liliona kushoto, mkono ukaweka kulia, ili karatasi itoke sawa. Mifuko minane alikuwa amepanga kinyume, kama chapa; vipande vya kulia vilikuwa sahihi, paa lake ndilo lililogeuka. Na kati ya vipande vyote alivyohesabu, mia kwa mia, elfu kwa elfu, kosa lilikuwa moja tu, na lilikuwa la aliyejiona wa mwisho asiyekosea.

Hakuna aliyejua. Hilo lazima lisemwe, maana yeye mwenyewe alilifikiria. Kijana wa duka alishaamini. Binti yake angeamini, kwa kuwa hakuwahi kumwona baba yake akihesabu vibaya. Boksi lingerudi, pesa ingeenda chuoni, na dunia ingebaki mbovu kama alivyoizoea.

Alivua koti, akapiga simu.

"Siji," akasema. "Kosa ni la fundi."

"Fundi gani, mzee?"

"Huyu anayeongea."

Kisha akaketi, akaanza kulibomoa bawa, kipande kimoja kimoja, akirudisha kila kimoja kwenye sahani yake, kama walivyorudisha herufi kwenye trei baada ya kitabu kwisha. Binti alimkuta hivyo saa kumi jioni. Alitazama meza, akatazama ukuta ulioanguka, uso ukamlegea.

"Umelipata," akasema.

"Nimelipata."

"Wapi?"

Mzee akanyoosha mikono yake miwili juu ya shuka, viganja juu, kama mtu anayekaguliwa. "Hapa. Nimejenga kinyume, mama. Upande mzima. Wao wako sawa. Wako sawa kupita..." Akatafuta neno, mzee yule wa maneno, asilipate. "Nani anavihesabu hivi?"

"Mashine, Baba. Inapima kila mfuko uzito."

"Mashine imetengenezwa na nani? Na aliyewaza kwamba hiki kianze, hiki kifuate, mpaka mtu kama mimi asipotee ila kwa kichwa chake mwenyewe?"

Akachukua kitabu, akafunua ukurasa wa mwisho, akatafuta jina la aliyekipanga. Hapakuwa na jina. Akacheka kidogo, peke yake. Vitabu mia tatu vilipita mikononi mwake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na lake.

Binti alikuwa amekwisha vuta kiti. Alinyoosha vidole vyake vilivyokauka kwa dawa za hospitali, akaokota kipande cha kwanza cha bawa.

"Twende pole pole," akasema. "Mimi naweka, wewe unasoma."

"Dirisha kushoto," mzee akasema. Kidole chake kilikuwa kimeelekea kulia; akakigeuza kabla hajaendelea. "Kushoto kwako."

*Tk.*