Gari Lililotetemeka Mteremko wa Usa

Mpaka leo nikilikumbuka lile gari la ng'ombe damu inanichemka, na Mjerumani mwenyewe alishaondoka zamani.

Mimi ni mhunzi, na baba yangu alikuwa mhunzi. Kwetu Waarusha, asiyejua ajue, kuzaliwa katika ukoo wa wahunzi ni kuzaliwa na mkono ambao hakuna anayetaka kuushika. Mikuki niliyoifua ililinda mifugo yao, visu vyangu vilichinja mbuzi wa harusi zao, lakini mtu apokee kitu mkononi mwangu? Thubutu! Nilikiweka chini, nikasogea kando, mwenye mali akakipaka mafuta ya kondoo kuondoa ubaya wangu, ndipo akakiokota. Akaenda nacho akijisifu.

Kibanda changu kilikuwa kando ya mto Ngarenaro. Mlowezi mmoja, Mzungu wa Kijerumani mwenye shamba upande wa Usa, alikuwa na gari kubwa la kukokotwa na ng'ombe kumi na wawili. Magurudumu yalikuwa ya mbao, yamevishwa pete za chuma. Breki zilikuwa nyuma: vipande viwili vya mbao ngumu, kimoja kwa kila gurudumu, na ukizungusha mkono wa parafujo vinaibana ile pete. Za zamani zilipolika, nikatengeneza mpya. Wiki hiyohiyo gari likaanza kutetemeka.

Mwendeshaji wake alikuwa Mwarusha, rika langu kabisa, tulitahiriwa msimu mmoja. Akibana breki kidogo, gari lilitulia. Akibana kwa nguvu kwenye mteremko wa Usa, lilitikisika lote, nira zikagongana, magunia yakaruka. Siku ya nne likamshinda, likawasukuma ng'ombe wa nyuma, mmoja akavunjika mguu.

Kesho yake asubuhi Mzungu akaja na gari lake na kiboko chake.

"Breki ni kazi yako," akaniambia. "Jua likifika utosini uwe umejua kwa nini linatetemeka. Usipojua, hamsa-ishirini."

Viboko ishirini na tano. Hapakuwa na mtu Arusha nzima aliyehitaji kuelezwa maana yake. Nilishaiona migongo iliyotoka bomani. Mzungu akaketi kivulini, akawasha kiko chake, akaningoja kama mtu anayengoja chai.

Nikaanza na zile pete, maana pete ikiwa na kibonge mahali ilipoungwa, kila ikipita kwenye breki lazima irushe. Nikainua gurudumu kwa gogo, nikashika kipande cha mkaa karibu na chuma, nikalizungusha polepole. Mkaa ukachora mstari mmoja sawasawa mzunguko mzima. La pili vilevile. Nikalishika gurudumu juu na chini, nikalitikisa nione kama limelegea kwenye ekseli. Halikucheza. Nikagonga kila bolti ya boriti inayobeba breki, nikasikiliza. Zote zilikuwa zimekaza. Jua nalo lilikuwa linapanda, halinisubiri.

Mwendeshaji alisimama na ng'ombe wake akinitazama. "Unajisumbua bure," akasema kwa Kimaasai, lugha yetu, Mzungu asielewe. "Ni mkono wako tu huo."

Lo! Nusura nimtupie nyundo. Nikavifungua vile vipande vya mbao.

Upande wa mbao uliogusa pete ulikuwa mweusi, unang'aa mabakamabaka. Nikanusa. Kondoo! Nikakisogeza kimoja kwenye moto, na kabla hakijashika joto vizuri kikaanza kutoka jasho la mafuta, tone baada ya tone. Basi ndiyo hayo. Breki ikibanwa kwa nguvu, palipokauka panashika, palipo na mafuta panateleza. Inashika, inateleza, inashika, inateleza, na gari zima linatetemeka.

Nikamfuata mwendeshaji na kile kipande. "Umepaka nini hapa?"

"Nimefanya kama inavyofanywa."

"Kwenye breki? Una akili wewe?"

"Imetoka kwako," akasema. "Ningefanyaje? Nilipaka siku ile ya kwanza. Ilipotetemeka nikajua ubaya haujatoka, nikaongeza. Nikapaka kila asubuhi."

Kila asubuhi! Kadiri gari lilivyokataa ndivyo alivyozidi kulipaka, na kila siku akinilaani mimi. Nilicheka kwa uchungu. Ndipo akili ikamjia, akageuka kumtazama Mzungu.

"Usimwambie," akanong'ona. "Tafadhali, ndugu yangu."

Ndugu yangu! Tumekua pamoja, hajawahi kuniita hivyo hata siku moja. Leo kaona kiboko, nimekuwa ndugu.

Nikachonga vipande vipya, nikazisugua pete kwa mchanga na majivu mpaka kitambaa kikapita bila doa, nikafunga. Tukalishusha gari kwenye mteremko wa kuingia mtoni. Safari hii parafujo niliikaza mwenyewe, kwa nguvu zote. Magurudumu yakaganda, gari likasimama kimya.

Mzungu akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, "Ilikuwa nini? Ng'ombe wangu ameharibika. Ni kosa la nani?"

Ningeweza kusema mbao ilikuwa mbichi. Huenda ningechapwa, huenda nisingechapwa. Lakini hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni, hasira ya baba yangu na ya babu yangu, nikamnyooshea mwendeshaji kidole, nikaeleza yote, mafuta, kila asubuhi, sikubakiza kitu.

Akamlaza palepale juu ya mti wa gari, ule mrefu wa kufungia nira. Mzungu akatazama huku na huku, kisha akaniita mimi. "Wewe mhunzi una nguvu. Mshike mikono."

Nikamshika. Nilidhani atanivuta, atanitemea mate. Hakufanya hivyo. Pigo la kwanza liliposhuka akaikamata mikono yangu kwa nguvu zote, akaing'ang'ania, hakuiachia mpaka la ishirini na tano. Nami nilimshika vilevile, nikitetemeka kwa hasira, na sikujua tena ninamkasirikia nani.